Mwaka Huu Wanamposa Nani

Watu wa Kikwajuni wakimtaja Fundi huanza na ukarimu wake. Watakwambia mtu yule hana choyo, aliwatoa wapigaji wake wazuri wakapigie makundi ya watu wengine, akafundisha hata waliokuja kumshinda. Nami huitikia, naam, ndivyo, huku moyo unanichoma. Nimepiga ngoma chini yake miaka kumi na sita na mingi katika hiyo nimeipitisha kwa wivu. Niliwaonea wivu aliowatoa. Niliwaonea wivu waliopewa. Siku nyengine niliionea wivu hata ngozi ya mbuzi aliyokuwa akiipapasa kwa upole ambao sisi wanafunzi wake hatukuwahi kuuonja. Anayetaka habari za Fundi zisizo na kinyongo aende kwa mwengine.

Kwao hasa ni wapi na baba yake nani, sijui vizuri na sikuuliza. Nilimkuta tayari mtu wa makamo, ameketi kwenye baraza nyembamba ya kichochoro cha Mji Mkongwe, anashona makubadhi ya ngozi. Watalii walisimama kumpiga picha na yeye hakuinua uso. Hayo yalikuwa ya asubuhi. Alasiri alikuwa Fundi wa beni yetu ya Kikwajuni, ngoma ile ya kutembea barabarani kwa tarumbeta na ngoma za kuning'iniza shingoni, safu kwa safu, hatua moja.

Kundi letu lilikuwa la watu wazima watupu. Asiyekuwa na kazi ya kumchosha mchana hakumpokea.

"Kijana anapiga kwa sababu ana nguvu za kumwaga," alisema. "Mie nnataka mtu aliyechoka. Huyo akija, ujue ngoma anaitaka."

Basi tulikuwa na muuguzi, muuza halua, dereva wa gari la taka, na mimi ninayeuza vipuri vya vespa Darajani. Tulifika na mikono inanuka dawa, samli na grisi, na Fundi alitupokea kwa kutukunjia uso kama tumechelewa, hata tuliowahi.

Kelele alikuwa hazipendi. Mtu akiambiwa hivyo juu ya fundi wa ngoma hucheka, lakini mkewe, Bi Zuhura, aliwahi kunambia kuwa nyumbani kwake hata kijiko kikianguka anauliza nani amekufa. Jirani akifungua redio, Fundi alitoka na bakora mkononi. Harusi zilimtesa. Lakini uwanjani, watu ishirini tukipiga kwa pamoja, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na uso umetulia kabisa, na katikati ya mshindo ule alimsikia mmoja aliyechelewa.

Alikuwa na mtindo wake wa kuhesabu makosa. Mfuko wa kulia wa kanzu aliujaza kokwa za tende, na kila kosa alilolisikia alihamisha kokwa moja kwenda mfuko wa kushoto. Hakukatiza mtu. Tukimaliza, aliita mmoja mmoja na kummwagia kokwa zake kiganjani, za leo hizi hapa, kisha akazirudisha mfukoni. Vipi aliweza kukumbuka ipi ya nani, mimi mpaka leo sijui. Muuza halua alikuwa akipewa mpaka zinamponyoka. Hafidh, dereva wa gari la taka, alikuwa na mkono wa kushoto mzito na hakuwahi kupata chini ya kumi. Mimi nilipata mbili, moja, na siku nyingi sikupata hata moja. Fundi alinitazama, akakitazama kiganja changu kitupu, akasema, "Haya, nenda."

Nenda! Hafidh akipunguza kutoka kumi na tano hadi kumi na mbili, Fundi alimshika bega na kumwambia, "Imekaa." Hilo ndilo neno lake la sifa, hakuwa na jengine. Hafidh aliambiwa imekaa labda mara mia. Muuza halua aliambiwa. Hata muuguzi, aliyekuwa akisahau kugeuka safu ikigeuka, aliambiwa. Mimi katika miaka kumi na sita sikuambiwa hata siku moja, na mtu anayesema hayo si kitu hajapiga ngoma.

Zamani mashindano yetu yalikuwa ya makundi manne, na tulishinda sisi kila mwaka. Tulishinda mpaka ikawa aibu. Watu walianza kuondoka uwanjani kabla ya waamuzi kusimama, kwa sababu matokeo waliyajua toka nyumbani. Mwaka mmoja kundi la Jozani, ambalo wengi wao ni waongoza wageni wa kule msituni, lilituma salamu kuwa wana harusi. Kundi la Makunduchi nalo likasema lina harusi. Tukabaki sisi na Kizimkazi, na Kizimkazi wenyewe walipiga wakiwa wameshakunja mikeka yao tayari kwa safari. Tulipotangazwa washindi tulishangilia peke yetu. Nilishangilia sana mimi, nakumbuka, nikamgeukia Fundi, nikamkuta amefura.

"Mnashangilia nini?" akauliza. "Mwakani mtashindana na kunguru."

Wiki ile ile akapanda gari, akazunguka Kizimkazi, Jozani na Makunduchi, akarudi na sharti ambalo waliokuwa hawampendi walisema ni wazimu. Kundi lililoshika mkia lina haki ya kumtaka mpigaji mmoja kutoka kwa kundi lililoshinda. Mtu huyo atakwenda kupiga na kufundisha huko msimu mzima, mpaka mashindano yanayofuata, kisha arudi. Na kumtaka kwenyewe kuwe kwa posa, kama mtu anavyoposa mke.

Na ikawa posa kwelikweli. Ijumaa baada ya sala ya alasiri walikuja nyumbani kwa Fundi wazee wa kundi lililoshindwa na sinia la halua na birika la kahawa. Walikaa, wakauliza hali, wakasifu nyumba, wakazungumza habari za mvua, na baada ya vikombe viwili ndipo mmoja wao akasema kuwa wamesikia hapa kuna kito. Jina halikutajwa hadharani. Mposaji alilisema sikioni mwa Fundi peke yake. Akikubali, alilitangaza, na vigelegele vikapigwa. Asipokubali, alitikisa kichwa, na mposaji akamnong'oneza jina jengine, kama kawaida ya posa, ili aliyetajwa asiaibike na waliokataliwa wasiaibike. Sisi wapigaji tulisubiri uani tumevaa kanzu safi, tukifanya mzaha wa bibi harusi huku kila mmoja ananyoosha shingo.

Mwaka ule wa kwanza walikuja wa Kizimkazi, wakiongozwa na Bi Mize, mkulima wa mwani, mama wa miraba minne anayepiga ngoma kubwa kama anatwanga. Aliinama sikioni mwa Fundi. Fundi akatikisa kichwa. Bi Mize akainama mara ya pili. Kisha Fundi akatangaza: Hafidh.

Hafidh! Mwenye kokwa kumi! Nilipiga vigelegele na wenzangu kwa kujilazimisha. Nilijiambia watu wa shamba hawajui ngoma. Nikajiambia labda wameogopa kumtaja aliye bora. Nikaenda nyumbani, nikamgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi.

Msimu ule mzima nilisikia habari za Hafidh nisizoziuliza. Hafidh amepikiwa pweza. Hafidh anapelekwa baharini kuona pomboo pamoja na wageni bila ya kulipa. Hafidh wamempa jina, wanamwita Mwalimu. Mtu aliyekuwa akiendesha taka anaitwa Mwalimu, na watu wazima wakimpokea mkoba akishuka garini! Na Fundi, badala ya kukaa na sisi tuliobaki, alimfuata huko kila Jumapili na kofia yake na mwavuli, eti kwenda kumsikiliza.

Hapa lazima niseme nililolifanya, maana bila ya hilo Fundi hajulikani.

Ngoma zetu ni za ngozi ya mbuzi. Fundi alizikataa zile za plastiki, alisema zinapiga kelele lakini hazisemi. Ngozi inavuta unyevu wa bahari na kulegea, kwa hivyo kabla ya kupiga hupashwa moto wa makuti mpaka ikaze. Siku ya mashindano unakokwa moto mmoja, na wenyeji ndio wanaopasha ngoma za wote, zao na za wageni. Ni heshima na ni amana. Mwaka ule moto nilikabidhiwa mimi.

Zikaja ngoma za Kizimkazi, Hafidh mwenyewe kanikabidhi, anacheka, amenenepa. Nikazipasha. Nikazitoa mapema. Hazikuwa zimekaza, nilizigusa kwa kidole nikajua, na nikazirejesha hivyo hivyo. Walipoanza kupiga zilitoa sauti ya mtu anayekung'uta godoro. Hafidh akapepesa macho. Watu wakaanza kuguna.

Fundi akasimama. Akainua bakora yake hewani mpaka tarumbeta zikanyamaza, akawaambia waamuzi, "Ngoma hizi hazijapata moto. Kosa ni letu wenyeji. Naomba waanze upya."

Akazibeba mwenyewe, moja moja, akaja nazo motoni nilipokuwa nimesimama. Akazipasha zote mbele yangu, anazigonga, anazisikiliza, anazigeuza, kanzu yake inaingia majivu. Hakunitazama. Kizimkazi wakarudi wakapiga, na tangu nimezaliwa sijaona uwanja kuinuka vile. Wakatushinda. Watu walioacha kuja miaka mingi walipandiana mabegani, na wazee wa vijiji ambavyo havikuwa na beni kabisa walimfuata Fundi pale pale kumuuliza kundi linaanzishwaje. Mwaka uliofuata yalikuja makundi saba. Mwaka uliofuata tena, Bwejuu walileta kundi la wanawake watupu, na wakashika nafasi ya pili.

Tulipokuwa tunarudi Fundi alitembea nami mpaka Michenzani. Tulipoagana akanambia, "Moto wako ulikuwa mdogo leo." Basi. Angelinitukana ningelilala vizuri zaidi.

Lakini sikubadilika. Nilizidi. Posa zilikuja na kupita, miaka tuliyoshinda, maana sasa hatukushinda kila mwaka. Wa Jozani walikuja, akatoka muuguzi, yule asiyejua kugeuka. Wa Makunduchi walikuja, akatoka muuza halua, na alirudi na vikapu vya ndimu na majivuno ya kutosha mtaa mzima. Kila mara nilikuwa uani na kanzu yangu iliyopigwa pasi, na kila mara Fundi alitikisa kichwa, mposaji akainama tena, na jina likatangazwa la mwengine. Mke wangu akaacha kuniuliza. Wateja wangu Darajani wakaanza mzaha, "Yakhe, mwaka huu nao hukupata mume?" Nikacheka nao, kisha nikawauzia plagi kwa uso wa kufiwa.

Mara moja tu nilimkabili. Tulikuwa wawili barazani kwake, anawamba ngozi mpya na mimi namshikia kamba.

"Fundi," nikasema, "mie nna kasoro gani?"

Akavuta kamba. "Nani kasema una kasoro?"

"Watu wote wanaposwa. Hata wasiojua kitu."

"Kaza hapo," akasema. "Zaidi. Unalegeza."

Sikuwa nalegeza. Nilikaza mpaka kamba ikanikata kidole, na yeye akaendelea kuwamba.

Ukarimu wake, huo mnaousifu, mimi ulikuwa unanitia kichefuchefu. Alimpa mtu wa Bwejuu fimbo zake za mpingo alizozichonga mwenyewe. Aliwafundisha wa Jozani mapigo yetu ya kugeukia, yale tuliyoyaficha miaka yote, na walipoyatumia dhidi yetu alipiga makofi. Kila aliyeondoka alimtembeza mpaka kituo cha gari na kumkumbatia. Mimi niliyebaki alinipa kamba nishike. Nilifika pahala nikaamini kuwa kuna kitu kibaya alikiona kwangu toka siku ya moto, na kwamba anawaonya watu sikioni: huyu msimchukue, huyu ana moyo mbaya. Na ubaya wake ni kwamba kama kweli alisema hivyo, hakusema uongo.

Mwaka jana tulishinda. Kizimkazi wakashika mkia, kwa sababu wapigaji wao wengi wamechukuliwa na kazi za mahoteli. Na Fundi alikuwa mgonjwa. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, makubadhi hayashoni tena. Ijumaa ya posa nilikwenda mapema kumsaidia Bi Zuhura kutandika mikeka, nikaingia chumbani kumsalimia.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Wamefika?"

"Bado. Tutakubeba kwa kiti mpaka ukumbini."

"Sibebwi," akasema. "Kaa weye pahala pangu. Wapokee. Jibu utakalotoa ndilo langu."

Niseme kweli, furaha niliyoipata ilikuwa ya uchungu. Wapigaji wenzangu watabaki uani kungoja, na mimi nimepanda cheo cha kuwa baba wa bibi harusi. Sasa nitawagawa wengine kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaenda nikakaa kwenye mto wake.

Bi Mize aliingia na watu wake, sinia la halua mbele. Amezeeka lakini miraba minne ipo pale pale. Tukaulizana hali, tukazungumza habari za mwani na bei yake, tukanywa kahawa vikombe viwili. Kisha akasogea, akainama sikioni mwangu, nikasikia harufu ya karafuu kinywani mwake.

"Tunakutaka wewe, Seif," akasema.

Nilimtazama. Alidhani sikuelewa.

"Au na mara hii yeye hataki?" akanong'ona. "Maana mwaka ule wa mwanzo nlikutaja wewe, akanambia huyo hapana, taja mwengine. Ndo nkamtaja Hafidh. Na wa Jozani walikutaja. Wa Makunduchi walikutaja, na wakarudi nyumbani wamekasirika. Sisi twazungumza, baba. Kila anokuja hapa hukutaja wewe kwanza."

Nikamwomba radhi. Nikasimama, nikaingia chumbani na kufunga mlango.

Fundi alikuwa ameegemea mito, macho yapo mlangoni. Alikuwa ananingoja.

"Ushaambiwa?" akauliza.

"Miaka tisa, Fundi!"

"Najua."

"Nimekuwa nikisimama uani kama mjinga. Nkajiona si kitu. Nkawachukia wenzangu. Nkaharibu ngoma za watu, na ukajua."

"Nlijua. Nani aliyezipasha tena?"

"Kwa nini?"

Akashughulika na shuka, akaivuta, akaikunja pembe. Sijapata kumwona Fundi akikosa la kufanya na mikono yake.

"Hafidh akiondoka, naweza kukaa," akasema. "Muuguzi akiondoka, naweza kukaa. Wote wale nliwatoa kwa sababu naweza kukaa bila wao. Weye siwezi. Nkikaa pale uwanjani na makelele yote yale, nnakusikiliza weye tu. Kila walipolitaja jina lako nliona wivu. Nkasema mwakani. Nkasema mwakani tena."

"Hujawahi kunambia hata imekaa."

"Ningelikwambia, ungelijua thamani yako. Ungelikwenda."

Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kumshika mikono, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilisimama tu pale na hasira yangu ya miaka tisa na furaha ambayo sikuwa na pahala pa kuiweka. Huyu mtu aliyegawa kila kitu alikuwa na kitu kimoja alichokificha, na kitu hicho kilikuwa mimi, na hakuniuliza.

"Ndo maana nkakuweka ukumbini usikie mwenyewe," akasema. "Mie mdomo wangu usingelisema. Kawajibu wageni, kahawa inapoa."

"Nkiwaambia nnakwenda?"

Akafumba macho. "Jibu utakalotoa ndilo langu. Nshasema."

Nikashika komeo la mlango. Akaniita kwa jina, jambo alilokuwa halifanyi.

"Seif."

"Naam."

"Usiwafundishe yote," akasema, na akageukia ukutani nisimwone uso.

Nikamwambia sitawafundisha yote. Kisha nikatoka kwenda kumwambia Bi Mize kwamba msimu huu nnakwenda Kizimkazi.